Historia ya Hitilafu za Usakinishaji wa Programu ya ISE katika Mashine Pepe za Linux

Utangulizi

Mnamo Oktoba 2013 kampuni ya Xilinx ya Marekani ilitoa toleo la 14.7 la ISE, programu ambayo wahandisi wa elektroniki waliitumia kusanifu saketi za kidijitali na kuzipakia katika chipu za kampuni hiyo. Toleo hilo lilikuwa la mwisho. Kazi ya uendelezaji ilikuwa imekwisha kuhamia kwenye programu mpya iitwayo Vivado, iliyotolewa mwaka 2012, nayo Vivado haikuundwa kuzihudumia chipu zilizotangulia Mfululizo wa 7. Miongoni mwa zilizoachwa nyuma ilikuwamo Spartan-6, chipu ya bei nafuu iliyotangazwa mwaka 2009 na kuenea katika mitambo ya viwandani, vifaa vya mawasiliano na maabara za vyuo. Kampuni ya AMD, iliyokamilisha ununuzi wa Xilinx Februari 2022, imeahidi kwamba chipu hiyo itaendelea kupatikana hadi mwaka 2030. Kwa hesabu hiyo, chipu imeahidiwa miaka 17 ya uhai baada ya programu pekee ya mtengenezaji inayoweza kuisanifia kuacha kukua.

Insha hii inachunguza yaliyotokea katika pengo hilo. Inadai kwamba hitilafu za usakinishaji, ambazo kwa kawaida huchukuliwa kuwa kero ndogo za kiufundi zisizostahili kuandikwa, ni ushahidi wa kihistoria. Kila ujumbe wa hitilafu huonyesha mahali ambapo makubaliano kati ya pande mbili, aghalabu yasiyoandikwa, yalivunjika, na mara nyingi huonyesha hata mwaka yalipovunjika. Aidha, insha inaonyesha jinsi mashine pepe, yaani kompyuta iliyoundwa kwa programu ndani ya kompyuta nyingine, ilivyobadilishiwa kazi. Ilibuniwa ili watu wengi wagawane mashine moja ya gharama kubwa. Katika mkasa wa ISE ikawa chombo cha kuuzuia wakati usisonge.

Kwa nini programu hii na si nyingine

Xilinx ilianzishwa mwaka 1984 na Ross Freeman, Bernard Vonderschmitt na James Barnett. Mwaka uliofuata ilitoa XC2064, chipu yenye vitalu 64 vya mantiki ambavyo mtumiaji angeweza kuviunganisha apendavyo baada ya chipu kutoka kiwandani. Huo ndio mwanzo wa aina ya chipu zinazojulikana kwa herufi FPGA. Uzuri wa uvumbuzi huo uko wazi: mhandisi hahitaji kugharimia kiwanda ili kupata saketi yake mwenyewe. Gharama yake nayo iko, ila haionekani upesi. Chipu ikinunuliwa ni tupu. Ili ifanye kazi lazima ipewe faili ya usanidi, mfululizo wa biti unaoeleza kila swichi ndani yake ifungwe au ifunguliwe, na muundo wa ndani wa mfululizo huo haukutangazwa na mtengenezaji.

Hapa ndipo FPGA inapotofautiana na kichakataji cha kawaida. Maagizo ya kichakataji huchapishwa katika vitabu, na yeyote mwenye ujuzi anaweza kuandika programu ya kuyatafsiri. Ndiyo maana vichakataji vya zamani bado vina vikusanyaji vya chanzo huria. Kwa FPGA njia hiyo ilifungwa kwa miongo mitatu. Mwaka 2015 mradi wa IceStorm ulifaulu kuuweka hadharani muundo wa biti wa chipu za iCE40 za kampuni ya Lattice, nao ulifanya hivyo kwa kuchunguza matokeo ya programu ya mtengenezaji bila kupewa nyaraka. Spartan-6 haikupata mbadala kamili wa namna hiyo. Kwa mwenye mtambo wenye chipu hiyo, kutoweza kusakinisha ISE ni sawa na kutoweza kuurekebisha mtambo wenyewe, hata kama nyaraka zote za usanifu ziko kabatini.

Linux na tabaka la kati

Programu za usanifu wa saketi zilikulia katika Unix. Katika miaka ya 1980 na 1990 zilitumika kwenye kompyuta za Sun, Hewlett-Packard na Apollo, ambako kampuni moja ilitengeneza maunzi na mfumo endeshi kwa pamoja, na muuzaji wa programu alijua hasa anamhudumia nani. Linux, iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, ilileta unafuu mkubwa wa bei kwa sababu iliweza kuendeshwa kwenye kompyuta za kawaida. Pamoja na unafuu huo ilileta jambo ambalo wauzaji hawakuwa wamelizoea: hapakuwa na Linux moja. Kulikuwa na kiini kimoja, na juu yake makumi ya usambazaji, kila mmoja ukiwa na uteuzi wake wa maktaba, majina yake ya faili na ratiba yake.

Jaribio la kuleta kauli moja lilikuwa kanuni ya Linux Standard Base, iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2001. Kanuni hiyo ilitaja maktaba ambazo kila usambazaji ungepaswa kuwa nazo na mahali pa kuziweka. Wauzaji wengi hata hivyo walichagua njia fupi zaidi: walitangaza kwamba wanaunga mkono Red Hat Enterprise Linux, pengine na SUSE, basi. Xilinx ilifanya vivyo hivyo. ISE 14.7 ilijaribiwa kwenye Red Hat Enterprise ya matoleo ya wakati huo, likiwamo la 6, lililotoka Novemba 2010. Mwanafunzi aliyekuwa na Ubuntu au Debian alibaki nje ya mkataba.

Inafaa kusisitiza ni nani hasa aliyebadilika. Mara nyingi lawama huelekezwa kwa Linux kwa jumla, kwamba haithamini programu za zamani. Lawama hiyo si sahihi. Kiini cha Linux kwa upande wa programu za kawaida kimelinda ahadi yake kwa ukali usio wa kawaida, na Torvalds mwenyewe anajulikana kwa kukataa badiliko lolote linalovunja programu zilizokuwa zikifanya kazi. Maktaba ya msingi ya C nayo imehifadhi majina yake ya zamani. Kilichosogea ni tabaka la kati: maktaba saidizi, ganda la amri, majina ya vifaa na programu ndogondogo ambazo ISE ilizitegemea bila kusema.

Hitilafu kama kumbukumbu

Hitilafu ya kwanza kwa umri ilizaliwa Oktoba 2006. Katika Ubuntu 6.10, jina /bin/sh lilihamishwa kutoka ganda la bash na kupewa dash, ganda jepesi na la haraka zaidi. Hati za amri za Xilinx zilianza kwa kutangaza kwamba zinahitaji sh, lakini ndani yake zilitumia mbinu ambazo ni bash pekee iliyozifahamu. Kwenye Red Hat hakuna aliyegundua kasoro hiyo, kwa kuwa huko majina yote mawili yalielekeza kwenye programu ileile. Kwenye Ubuntu hati zilianguka kwa malalamiko ya sarufi yasiyotaja chanzo chake. Tiba ilikuwa kulirudisha jina kwa mwenyewe wa zamani. Ya aina hiyohiyo ni hitilafu ya gmake: sehemu ya ISE iliyohusika na vichakataji ndani ya chipu iliita make kwa jina hilo la gmake, ambalo Debian na jamaa zake hawakulitumia wakati huo. Kiungo cha mstari mmoja kilitosha kuiponya, kwa aliyejua.

Hitilafu ya pili inastahili kukaliwa kwa muda, kwa sababu imewapotosha watu wengi kuliko nyingine. Mhandisi aliandika jina la programu, akaona kwa macho yake kwamba faili ipo, ina ruhusa ya kuendeshwa, nao mfumo ukamjibu kwamba faili hiyo haipo. Wengi waliipakua upya programu nzima, yenye takriban gigabaiti 6, wakidhani imeharibika njiani. Ukweli ni kwamba ujumbe haukuizungumzia faili waliyoiita. Kwa kawaida programu ya Linux hubeba katika kichwa chake anwani ya programu nyingine, kipakiaji, ambacho kazi yake ni kukusanya maktaba kabla ya programu kuanza. Kiini kinapokikosa kipakiaji hicho hutoa jibu lilelile ambalo kingetoa iwapo programu yenyewe ingekosekana. Programu za biti 32 zilitafuta kipakiaji cha /lib/ld-linux.so.2, ambacho mfumo wa biti 64 haukulazimika kuwa nacho. Meneja wa leseni alitafuta kipakiaji chenye jina la Linux Standard Base, ile kanuni ya mwaka 2001.

Mstari huo mmoja wa hitilafu basi una historia mbili ndani yake. Ya kwanza ni ya kuhama kutoka biti 32 kwenda biti 64, safari iliyoanza kwa kompyuta za kawaida pale AMD ilipotoa kichakataji cha Opteron mwaka 2003, na ambayo wauzaji wa programu za usanifu waliifuata kwa kuchechemea. ISE ilikuwa na sehemu za biti 64 na vipande vya biti 32 katika folda moja. Ya pili ni ya kushindwa kwa kanuni ya pamoja. Mwaka 2015 Debian iliacha kuifuata Linux Standard Base, kwa hoja kwamba karibu hakuna programu iliyoitegemea kikamilifu. Hoja hiyo ilikuwa na uzito. Wachache walioitegemea, hata hivyo, walikuwamo mameneja wa leseni wa programu za uhandisi, na hao walijikuta hawana mlango.

Hitilafu ya tatu haikuwa na ujumbe wowote. Inaihusu Vivado, mrithi wa ISE, na inafaa kulinganishwa kwa sababu inaonyesha kwamba maradhi hayakuwa ya programu moja. Kisakinishi kilifika mwisho, kikaandika kwamba kinatayarisha orodha ya chipu zilizosakinishwa, kisha kikasimama. Kilisubiri saa nzima, na kingesubiri usiku kucha. Sababu ilikuwa maktaba ndogo ya kuchora maandishi kwenye skrini, libtinfo ya toleo la 5. Mradi wa ncurses ulikuwa umetoa toleo la 6 mwaka 2015, na usambazaji mpya haukuliweka tena la 5 bila kuombwa. Kisakinishi kiliianzisha Vivado nyuma ya pazia, Vivado ikafa kwa kukosa maktaba, na kisakinishi kikaendelea kumngoja maiti. Katika Ubuntu 24.04 maktaba hiyo iliondolewa kabisa kwenye hazina ya vifurushi, hivyo hata kuomba hakukutosha.

Hitilafu za leseni ni za jinsi nyingine. Leseni za kulipia zilifungwa kwa nambari ya kadi ya mtandao, na programu ya kusoma nambari hiyo iliitafuta kadi kwa jina la eth0. Januari 2013 toleo la 197 la systemd lilianzisha utaratibu mpya wa kuzipa kadi majina kulingana na mahali zilipochomekwa, na Red Hat Enterprise Linux 7 ya mwaka 2014 ikaacha majina ya zamani. Kadi ikaitwa, kwa mfano, enp0s3. Meneja wa leseni hakuiona, akaripoti kwamba kompyuta ina nambari ya sifuri tupu, na leseni halali iliyolipiwa ikakataliwa. Utatuzi ulikuwa kuongeza neno net.ifnames=0 kwenye maagizo ya kuwashia kiini, yaani kuuomba mfumo mpya ujifanye wa zamani. Utaratibu mpya ulikuwa na sababu nzuri, kwa kuwa seva zenye kadi kadhaa zilikuwa zikibadilishana majina kila zilipowashwa. Hakuna aliyekosea peke yake.

Mashine pepe: kutoka kugawana hadi kuhifadhi

Wazo la mashine pepe ni la miaka ya 1960, katika kituo cha utafiti cha IBM huko Cambridge, Massachusetts, ambako mifumo ya CP-40 na CP-67 ilimwezesha kila mtumiaji kujiona ana kompyuta kubwa peke yake. Mwaka 1972 wazo hilo likawa bidhaa ya kawaida kwa jina la VM/370. Miaka miwili baadaye Gerald Popek na Robert Goldberg waliandika masharti ambayo kichakataji kinapaswa kuyatimiza ili kiweze kubeba mashine pepe bila hila. Vichakataji vya x86 havikuyatimiza. VMware, iliyoanzishwa mwaka 1998, ililipita tatizo hilo kwa kutafsiri maagizo wakati programu inaendelea, na Workstation yake ya mwaka 1999 ikaileta mashine pepe kwenye meza ya mhandisi. Intel iliongeza msaada ndani ya kichakataji mwaka 2005, AMD mwaka uliofuata. Januari 2007 VirtualBox ikawa chanzo huria na Februari mwaka huohuo KVM ikaingia katika kiini cha Linux. Kufikia siku ISE ilipofikia toleo lake la mwisho, kila maabara ilikuwa na uwezo wa kuendesha mashine pepe bila malipo.

Suluhisho lilionekana kuwa jepesi. Badala ya kupigana na hitilafu moja baada ya nyingine kwenye mfumo mpya, mhandisi alisakinisha CentOS 6, pacha huria wa Red Hat Enterprise 6, ndani ya VirtualBox, kisha ISE ndani yake. Sh ilikuwa bash, kadi iliitwa eth0, na maktaba zilikuwa za umri mmoja na programu. Hitilafu zilizosimuliwa hapo juu zilitoweka kwa mkupuo. Mpya zikazaliwa kwenye mpaka kati ya mfumo mwenyeji na mfumo mgeni.

Baadhi zilikuwa ndogo. Msaada wa Intel au AMD ukiwa umezimwa katika mipangilio ya awali ya kompyuta, VirtualBox iliorodhesha mifumo ya biti 32 pekee bila kueleza kwa nini, na mtu akadhani kompyuta yake ni ya zamani. Diski pepe iliyoundwa kwa ukubwa uliopendekezwa na programu ilijaa kabla ISE haijamaliza kujikunjua. Leseni nayo iligeuka kitendawili. Nambari ya kadi ya mtandao, iliyokusudiwa kuwa alama isiyobadilika ya chuma halisi, ndani ya mashine pepe ni mstari wa maandishi katika faili ya mipangilio. Mashine ikinakiliwa, VirtualBox huweza kuipa nakala nambari mpya inayoanza na 08:00:27, na leseni ikakatika. Nambari ya zamani ikiandikwa kwa mkono, leseni hurudi. Mkataba uliojengwa juu ya chuma ulikuwa sasa umesimama juu ya uaminifu wa mtu, ingawa hakuna aliyeubadilisha hata neno moja.

Kebo ya kupakia saketi ndiyo iliyowatesa watu zaidi. Kebo ya USB ya Xilinx ilitumia kidhibiti kidogo kisicho na programu ya kudumu ndani yake. Ilipochomekwa, ilijitambulisha kwa nambari moja, kwa mfano 03fd:000d; kompyuta ikaipakia programu; kebo ikajikata yenyewe na kurudi ikiwa na nambari nyingine, 03fd:0008. Kwenye kompyuta halisi tukio hilo hupita kwa muda mfupi mno kuonekana. Kwenye mashine pepe mtu huwa amemwambia mwenyeji ampe mgeni kifaa chenye nambari ya kwanza. Kebo iliporudi na nambari ya pili, mwenyeji aliihesabu kuwa kifaa kigeni na kuishika mwenyewe, huku mgeni akilalamika kwamba kebo imechomolewa. Aliyeichomoa na kuichomeka tena aliuanza mzunguko uleule upya. Ilibidi mwenyeji aelezwe nambari zote mbili mapema.

Juu ya hilo kulikuwa na tatizo la kiendeshi. ISE iliifikia kebo kupitia moduli ya kiini iitwayo windrvr, iliyotoka kampuni ya Jungo, na hapa kiini cha Linux hakina ahadi: violesura vyake vya ndani hubadilika kila toleo kwa makusudi, na wasanidi wake wameutetea msimamo huo kwa maandishi. Moduli iligoma kujengwa kwenye viini vipya. Nje ya Xilinx iliandikwa maktaba ndogo iliyotanguliwa kupakiwa kwa kigezo cha LD_PRELOAD. Ilisimama kati ya ISE na kiini, ikayapokea maombi yaliyokusudiwa kwa windrvr na kuyapeleka kwa libusb, njia ya kawaida isiyohitaji moduli. ISE haikujua kwamba inazungumza na mtu mwingine. Inaelekea kuwa mfano bora zaidi katika historia hii yote wa kazi ya umma kurefusha uhai wa bidhaa ya kibiashara, na ilifanywa bila kuusoma msimbo wa ISE.

Mtengenezaji afuata njia ya watumiaji

Kwa upande wa Windows hali haikuwa bora. Kuanzia Windows 8, ISE ya biti 64 ilianguka kila mtumiaji alipofungua dirisha la kuchagua faili. Watumiaji waligundua kwamba ndani ya folda za ISE kulikuwa na maktaba mbili karibu sawa, libPortability na libPortabilityNOSH, ya pili ikiwa haitumii mfumo wa kumbukumbu wa SmartHeap. Kuibatiza ya pili kwa jina la ya kwanza kuliponya tatizo. Kwa miaka kadhaa hiyo ndiyo iliyokuwa tiba iliyojulikana, nayo haikumhitaji mtengenezaji kuandika mstari wowote.

Kisha Xilinx ilitoa ISE 14.7 kwa ajili ya Windows 10. Jina liliahidi programu ya Windows. Ndani ya kifurushi ilikuwamo mashine pepe ya VirtualBox yenye Oracle Linux, ISE ya Linux ikiwa imekwisha kusakinishwa, pamoja na folda ya kubadilishana faili na mwenyeji. Zaidi ya hayo, ilihudumia Spartan-6 peke yake. Mwenye Spartan-3 au Virtex-5 aliachwa ajitengenezee. Tukio hili halijapewa uzito unaostahili. Kampuni yenye msimbo wote wa programu, na yenye wahandisi walioiandika, ilipima gharama ya kuirekebisha kwa Windows mpya na gharama ya kuifungia ndani ya kompyuta ya kubuni, ikachagua ya pili. Yaani ilichagua kufanya rasmi yale ambayo wanafunzi wenye CentOS walikuwa wakiyafanya kwa kubahatisha.

Uamuzi huo ulikuwa wa busara kwa muda mfupi. Hata hivyo, uliongeza pande mbili kwenye mkataba. Kwanza ni VirtualBox yenyewe, iliyohama kutoka Innotek kwenda Sun mwaka 2008 na kutoka Sun kwenda Oracle mwaka 2010. Pili ni Hyper-V ya Microsoft. Windows iliyowasha Hyper-V, au huduma zinazoitegemea kama kizazi cha pili cha mfumo wa kuendeshea Linux ndani ya Windows, hushika msaada wa kichakataji kwa ajili yake. Kabla ya VirtualBox 6.0 ya Desemba 2018, mashine pepe ya biti 64 katika hali hiyo haikuwaka kabisa. Baada yake iliweza kuwaka, ikionyesha pembeni picha ya kobe wa kijani, nayo picha hiyo haikutia chumvi kuhusu mwendo. Mhandisi aliyewasha huduma hiyo kwa kazi nyingine aliipoteza ISE bila kuigusa.

Ugumu wa kumtunza mgeni

Istilahi za mwenyeji na mgeni zinamwelea msomaji wa Kiswahili kirahisi, na pengine zinamwonya: mgeni huyu amepita siku ya tatu zamani na jembe hawezi kulishika. Mfumo uliogandishwa haubaki mzima kwa kugandishwa tu. CentOS 6 ilifikia mwisho wa matunzo tarehe 30 Novemba 2020. Hazina zake za vifurushi ziliondolewa kwenye anwani za kawaida na kuhamishiwa kwenye ghala la kumbukumbu. Kutoka siku hiyo, aliyeijenga mashine pepe kwa kufuata maelekezo ya miaka ya nyuma aliona amri ya kwanza ya kuongeza maktaba ikishindwa, ingawa maelekezo yalikuwa sahihi yalipoandikwa. Usambazaji mwingine wa ukoo huohuo haukuleta faraja: CentOS 8, iliyotarajiwa kudumu hadi 2029, ilikatishwa mwishoni mwa 2021, na CentOS 7 ikafuata Juni 2024.

Kinachotokana na hali hiyo ni kwamba picha ya mashine pepe iliyokwisha kujengwa ina thamani kubwa kuliko maelekezo ya kuijenga. Katika uhandisi wa programu fundisho la siku nyingi ni kinyume chake, kwamba mapishi ni bora kuliko chakula kilichopikwa, kwa kuwa mapishi yanaweza kukaguliwa na kurudiwa. Kwa ISE fundisho hilo linashindwa kwa sababu viungo vimeondolewa sokoni. Mwenye faili ya diski pepe iliyofanya kazi mwaka 2016 ana kitu ambacho mwenye nyaraka kamili za mwaka huohuo hana. Lakini faili hiyo mara nyingi haiwezi kugawanywa kihalali, kwa kuwa ndani yake kuna ISE yenye masharti ya leseni, na huenda kuna leseni iliyofungwa kwa nambari ya kadi ambayo sasa haipo popote isipokuwa katika mipangilio ya mashine pepe hiyo.

Wapo watakaodai kwamba kontena, zinazogawana kiini kimoja na mwenyeji, ni suluhisho jepesi zaidi. Kwa kusanifu na kukusanya saketi dai hilo ni la kweli: kiini kimelinda ahadi zake, na kontena yenye maktaba za CentOS 6 inaweza kuendesha sehemu kubwa ya ISE. Kwa kupakia saketi kwenye chipu halisi hoja inadhoofika, maana kebo inamhitaji mwenyeji. Na kontena, kama mashine pepe, inahitaji kwanza mtu awe amevihifadhi vifurushi.

Ratiba za pande zilizobaki hazilingani. Chipu imeahidiwa hadi 2030. Microsoft ilikomesha msaada wa kawaida kwa Windows 10, mwenyeji ambaye kifurushi cha Xilinx kilimtaja kwa jina, Oktoba 2025. Kati ya tarehe hizo mbili kuna miaka mitano, na mitambo yenye Spartan-6 itakayohitaji kupakiwa upya ndani ya miaka hiyo itapakiwa kutoka kwenye faili ya diski pepe ambayo mtu fulani, katika ofisi au maabara fulani, hakuifuta aliposafisha kompyuta yake.